Viganja Vyekundu vya Asmaa

Mimi ni mdaku, sikatai. Hapa Sindo, ufukweni mwa ziwa, wananijua: mama wa Kisii anayeuza ndizi mbele ya duka la Issack, anayetaka kujua nani kashuka na boti gani na kwa nini mke wa fulani hajaanika omena, dagaa wetu, leo. Kaltum, mke wa Issack, alikuwa akiniambia siku moja nitachungulia kaburini niulize maiti analala ubavu gani. Tulicheka sana. Yeye Mwislamu wa Garissa, mimi Msabato wa Nyamira, Kiluo chetu wote cha kuombea maji tu, basi tukashikana kama ndugu.

Mtu mmoja tu alinishinda kwa udaku, naye ni binti yake, Asmaa, wa miaka minne. Kila asubuhi alikuja kuchuchumaa karibu na ndizi zangu na maswali yake. Ndizi ikiiva nani huiambia? Samaki mbuta hulala saa ngapi? Nilimpa ndizi anyamaze.

Mwaka wa tisini na sita, juma la baada ya Idd, Asmaa akapata homa. Homa huku ziwani ni mgeni wa kila nyumba, hakuna aliyeshtuka. Kaltum alimpa dawa ya maji, akampanguza kwa kitambaa, akampaka hina viganjani na nyayoni, maana kwao hina huvuta joto. Na kweli joto lilishuka. Likarudi jioni, likashuka tena. Kila liliposhuka Kaltum aligusa paji la uso la mtoto, akasema alhamdulillahi, akarudi dukani kuwapimia wateja sukari.

Ikafika siku ya soko la Kisegi, Issack akaenda kununua mbuzi. Mimi nilikuwa nikimwona mtoto kupitia mlangoni, amelala juu ya magunia ya mchele, na kitu kikaanza kunikera. Paji la uso lilikuwa baridi, nililigusa mwenyewe asubuhi. Hakuharisha, hakulia. Lakini nilipita mbele yake na mkungu mzima begani, nusu umeiva, nusu mbichi, kitu ambacho siku nyingine kingeniletea maswali mpaka adhuhuri, na Asmaa akautazama kama anatazama ukuta. Nikajiuliza, mtu aliyepona ndiye huyu asiyetaka kujua lolote?

Nikaingia. Nikamwambia Kaltum mtoto hayuko sawa. Akasema amechoka tu, jasho limemtoa nguvu. Nikauliza amekula nini. Hajala. Amekojoa saa ngapi? Kaltum akafikiri, hakukumbuka. Nikauliza mbona anapumua upesi hivyo na hajakimbia popote. Hapo akanikasirikia. Akanivuta mkono mpaka kwenye magunia, akafunua kiganja cha mtoto mbele ya macho yangu.

"Tazama damu hii, Mama Dolphine. Mtoto mgonjwa ana kiganja chekundu hivi?"

Kilikuwa chekundu kweli, wekundu wa kupendeza, mpaka kwenye kucha. Nikakitazama, na kadiri nilivyokitazama ndivyo nilivyoona kwamba kiganja chenyewe sikioni. Ile ilikuwa hina tupu. Chini yake kulikuwa na rangi gani, hakuna aliyejua, hata mama mtu aliyeipaka. Watu husema mficha maradhi kilio humfichua, lakini Kaltum masikini hakuficha chochote. Alikuwa amejiziba macho kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mapenzi.

Ndipo Issack akarudi, vumbi la Kisegi mpaka kwenye kofia. Huyu mtu hanunui mbuzi kabla hajavuta ngozi ya chini ya jicho na kuchungulia ndani. Ngozi na manyoya hudanganya, husema, lakini jicho likiwa jeupe ndani, damu imekwisha, mwachie mwenyewe.

"Baba Asmaa," nikamwambia, "huyu angekuwa mbuzi, ungemnunua?"

Kaltum alinitazama kwa macho ambayo nilidhani yatafuatwa na kofi. Issack akasogea penye magunia. Alipiga magoti, akavuta ngozi ya chini ya jicho la binti yake kwa kidole gumba. Ndani palikuwa peupe kama sembe. Kaltum akachukua kikombe, akamnywesha maji, na maji yote yakatoka pembeni mwa mdomo.

Muuguzi wa Sindo alimwona mara moja tu akatuambia twende Homa Bay, damu inahitajika leo. Tulipanda pikapu ya samaki, nguo zetu zikanuka mbuta. Kule wakasema malaria imekula damu ya mtoto. Miaka ile damu ya mtu ilikuwa inaogopwa kwa sababu ya ukimwi, ilipimwa kwanza watu wakisali. Issack alikunja mkono wa shati, akasema wakitaka waitoe yote.

Muuguzi mmoja wa zamu akatufundisha, bila kutukaripia. Paji la uso, alisema, hukuambia habari za joto tu. Habari za mtoto muulize mtoto. Anakunywa? Anakutazama? Anaweza kuketi? Anapumua vipi? Asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, anayelala hata ukimwita haamki, huyo usingoje joto lipande wala lishuke, mlete. Kaltum alimwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, midomo yake ikifuata maneno.

Kesho yake alasiri, damu ya baba yake ikiwa imeshamwingia, Asmaa alifumbua macho, akanywa nusu kikombe. Kaltum akalia, nami nikalia naye, mpaka majirani wa kitanda wakatupa pole wakidhani tumefiwa.

Tukatoka na beseni kufua shuka. Kwenye benchi la foleni alikaa mama mmoja wa kisiwa cha Remba na mtoto mchanga ndani ya leso. Akamgusa paji la uso, akatabasamu. Akamwambia jirani yake kwa Kiswahili cha sokoni kwamba sasa homa imepoa, wacha ajiendee, boti ya Remba haitamngoja. Akainuka.

Kaltum, ambaye miaka yote ile Sindo hakuwahi kusemesha mgeni asiyenunua kitu, aliweka beseni chini akasimama mbele yake.

"Mnyonyeshe kwanza," akasema. "Nataka kuona."

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, kisha akatoa ziwa. Mtoto hakulishika. Maziwa yakamdondokea shavuni, wala hakugeuza shingo.

Kaltum hakuomba ruhusa. Alimtwaa mtoto mikononi, akaipita foleni yote huku watu wakimpigia kelele, akasukuma mlango wa daktari kwa bega. Mama mtu akamfuata mbio, leso ikabaki sakafuni, na habari ya boti haikutajwa tena.