Marobota ya Alhamisi

Darlene Kucera alichukua konzi ya nyasi ya alfalfa iliyokatwa, akaisokota. Haikukatika.

"Bado mbichi," alimwambia mumewe. "Iache ikauke."

Milo hata hakugeuka. Kwa wiki mbili hewa ya kusini, nzito na yenye unyevu, ilikuwa imelalia mashamba yao huku Nebraska, na redio ilisema baridi kutoka Kanada ingefika kabla ya jua kuzama. Hewa hizi mbili hazijui kupishana kwa adabu, hasa mwisho wa Agosti. Kaskazini-magharibi wingu lilikuwa limeshapanda na kutanua kichwa.

"Niache inyeshewe? Huu ndio mkato wa mwisho, Darlene. Januari ng'ombe sitini watakula nini, theluji?"

"Iliyonyeshewa hukauka tena. Iliyofungwa mbichi hupata moto ndani kwa ndani."

"Tutaitia chumvi, isipate joto. Haya, panda trekta, mama, tusije tukalaumiana."

Akapanda. Akaendesha hadi nyasi zote zikafungwa na robota la mwisho likaingia ghalani.

Saa kumi na moja upepo ukageuka. Vumbi likatimka, joto likashuka ghafla hadi Darlene akatafuta sweta, na radi zikanguruma kuelekea jimbo jirani la Iowa. Halikudondoka hata tone. Wingu lile lilikuwa limeshamwaga maji yake kwa watu wengine. Zikafuata siku nne za upepo mkavu wa kaskazini, siku za kukaushia nyasi kama vile zimeagizwa. Darlene, ambaye kwa kawaida haogopi kusema, alinyamaza, na hilo lilimkera Milo kuliko matusi.

Jumanne asubuhi ghala lilinukia tumbaku tamu. Darlene alichomeka ufito wa chuma katikati ya marobota, akaenda kukamua ng'ombe wa nyumbani. Aliporudi akauchomoa, haukushikika kwa joto.

"Nitayatoa mwenyewe," Milo alisema. "Usimwite mtu."

Wazimamoto wa pale ni majirani wa kujitolea, walewale anaokunywa nao kahawa kila asubuhi. Wangemtania hadi theluji iyeyuke.

"Ukiyafumua tu, hewa inaingia, yanawaka na wewe umo ndani."

"Nimesema nitayatoa."

"Na mimi nimeshapiga simu."

Walikuja tisa. Robota likitolewa, linamwagiwa maji. Mengine yalilipuka moto palepale mlangoni. Kufikia saa nane mchana ghala lilikuwa bado limesimama, na nyasi zote zilikuwa uani, nyeusi, zimelowa, zikifuka moshi. Mkuu wa kikosi, Delmar Pospisil, ambaye shamba lake linapakana na lao, alivua helmeti, akamgeukia Milo.

"Uliyafunga lini haya?"

"Alhamisi. Kabla ya mvua."

"Mvua ipi, bwana?"

Hakuna aliyecheka. Darlene alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Ukimya ule ulimuuma zaidi.

"Tuliyafunga wawili," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Trekta niliendesha mimi."

Milo alimtazama, kisha akatazama malishoni, ng'ombe wakila kile kidogo kilichobaki cha kiangazi.

"Delmar, nitaazima trela lako Jumamosi niwapeleke ng'ombe mnadani," alisema. "Tutaanza na wale wazee."