Viatu Nyuma ya Makabati

Kituo kizima cha utafiti kilimjua kwa jina la Mzee Moshi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vyumba mia mbili na kitu akiwa na ngazi begani, akipulizia vitambuzi vya moshi kwa kopo lake la moshi bandia kuona kama viko macho. Wanasayansi waliipisha ngazi. Aliyeibeba hawakumwangalia sana. Tangu mkewe afariki, zilikuwapo siku ambazo neno lake la kwanza lilikuwa "Hodi," nalo alilisema mbele ya chumba kitupu.

Asubuhi moja, akiwa korido ya chini, king'ora kililia. Safari hii hakikuwa cha majaribio. Kabati moja la chumba cha kompyuta lilikuwa likifuka moshi. Moto wa chumba kile hauzimwi kwa maji. Baada ya sekunde thelathini hufunguka gesi inayofukuza hewa, na aliyemo hukosa pumzi.

Akachungulia kiooni. Nyuma ya makabati ya mwisho aliona viatu viwili vya bluu.

Akabandika kiganja kwenye kitufe cha kuzuia gesi, pale ukutani. Kitufe hicho huzuia mradi umekikandamiza, ukikiachia, yamekwisha. Basi hakuweza kwenda kumtoa mtu. Alipiga kelele, akapiga ukuta mateke. Wapi! Feni za mle ndani hunguruma hata watu huingia wameziba masikio.

Akashika redio kwa mkono wa pili, akaita chumba cha udhibiti. "Udhibiti! Kuna mtu ndani!"

"Kompyuta inasema hakuna, mzee. Achia, moto utasambaa."

"Kompyuta haijaona viatu. Mimi nimeviona. Zima feni asikie!"

"Nikizima, kompyuta zitazimika, majaribio ya miezi mitatu yanapotea. Nitasema nani kaniamuru?"

"Mimi. Andika jina langu."

"Kwani jina lako nani, mzee?"

Akalitaja, polepole, lote na la babaye.

Feni zikanyamaza. Viatu vikageuka. Mtafiti mmoja, mwanamke, akatoka mbio akikohoa, vizibo vya masikio vikining'inia shingoni. Mzee Moshi akafunga mlango, akaachia kitufe, na gesi ikavuma.

"Asante, baba," mtafiti alisema. "Wewe ni mgeni hapa?"

"Huu mwaka wa tisa, daktari."

Yule akainamisha macho. Wauguzi wakaja wakamchukua.

Mchana Mzee Moshi alimpigia bintiye simu.

"Baba, niko kazini. Kuna tatizo?"

"Hakuna, mwanangu. Nilitaka kukusikia tu."

"Nitakupigia jioni, sawa?"

Jioni simu haikulia. Mzee alikanda mkono uliokufa ganzi, akaketi mezani, mkabala na kiti cha marehemu mkewe. Kisha akaanza kusimulia kisa chote kwa sauti, bila haraka, kama mwenye msikilizaji. Alipofika mahali feni ziliponyamaza, alicheka, akasubiri kidogo, halafu akaendelea.