Kesi ya Kumbuko, Dobi wa Adabuni

Katika nchi ya Mafungu kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kila mahali palikuwa na mpaka wake. Wenyeji wake walikuwa Wakristo wa jadi, wakarimu kwa wageni na hodari wa kazi. Lakini wahenga wao waliwaachia Sheria ya Mipaka, iliyoligawa juma sehemu mbili: Jumapili ilikuwa ya Mungu, na siku sita zilizosalia zilikuwa za dunia. Ibada ilipokwisha, kila muumini alivua joho lake jeupe, akalitundika ukumbini mwa kanisa, akainama na kusema kwa taadhima, "Bwana, kwa heri hadi Jumapili." Tangu hapo kulitaja jina la Mungu shambani, sokoni au jikoni lilikuwa kosa, kwa hoja kwamba kitukufu hakichanganywi na cha kawaida. Sheria hiyo ilidhaniwa kuwa adabu. Kwa hakika ilikuwa starehe, maana katika siku sita zisizo na Mungu mtu aliweza kumkaripia mkewe, kumdhulumu kibarua na kumsengenya jirani, wala asijione mnafiki.

Katika mji wa Adabuni palikuwa na hospitali, na katika hospitali hiyo alifanya kazi mjane mmoja aliyeitwa Kumbuko, dobi wa mashuka ya wagonjwa. Jumanne moja alipoingia wodini kukusanya mashuka, bibi kizee aliyeitwa Mnyonge alimshika mkono, akamsihi amwombee kwa Mungu. Kumbuko aliutazama mlango, akamwona msimamizi wake, Bwana Kidole, amesimama hapo. Akamwambia bibi yule kwa upole kwamba Jumapili haiko mbali, avumilie. Alhamisi yake shuka la Mnyonge lilikuja kufuliwa, na mwenye shuka alikwisha kufa. Kumbuko alilisuuza mara nyingi kuliko lilivyohitaji, na machozi yake yakadondokea majini.

Tangu siku ile hakuingoja Jumapili. Kila shuka alilolikamua alimtaja mbele za Mungu yule aliyelilalia, kwa sauti ndogo, mikono ikiwa kazini. Bwana Kidole alimsikia, akamwonya mara mbili, na mara ya tatu akampeleka barazani. Adhabu ya kosa lile ilikuwa kufukuzwa kazi na kutolewa nchini, na Kumbuko alikuwa na mama kipofu asiye na mwingine wa kumwongoza.

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Mizani, mzee mwadilifu ambaye kwa miaka arobaini hakukosa ibada hata moja. Bwana Kidole alieleza kwa ufasaha kwamba mwanamke huyu ameikosea heshima dini kwa kuizamisha katika maji machafu, na ameikosea kazi kwa kuwaza mambo mengine.

"Mheshimiwa Hakimu," alimalizia, "mshika mawili moja humponyoka."

Hakimu aliuliza kama kuna shuka lolote lililorudi wodini likiwa na taka. Bwana Kidole alikiri kwamba mashuka hayajawahi kutakata kama mwaka ule. Ndipo Kumbuko aliporuhusiwa kujibu.

"Mheshimiwa," alisema, "mama hulima na mwanawe yuko mgongoni. Jembe halimponyoki, wala mtoto hamponyoki. Nilimwahirisha mtu anayekufa kwa sababu haikuwa Jumapili. Sitaki kufanya hivyo tena, hata nikitolewa nchini."

"Basi wewe unamkumbuka Mungu mchana kutwa?" Hakimu aliuliza, na watu wakakaza masikio, kwa kuwa jibu la majivuno lingemwangamiza.

"La, Mheshimiwa. Namsahau mara nyingi. Hata sasa, mashtaka yalipokuwa yakisomwa, nilikuwa nikiwaza maharage niliyomwachia mama jikoni, kama hayajaungua. Moyo wangu ni kama mbuzi asiyefungwa. Kazi yangu si kumzuia asitoke. Kazi yangu ni kumfuata na kumrudisha, bila kumpiga."

Watu wachache walicheka, lakini Hakimu hakucheka. Alisema kwamba yeye huketi kanisani kila Jumapili mwili mzima, na moyo wake huwa hapa barazani ukipanga kesi za Jumatatu. Na kwamba katika miaka arobaini hakuwahi kuufuata. Akatamka kwamba hawezi kumhukumu mwanamke kwa kumpeleka Mungu kazini, hali yeye huipeleka kazi kwa Mungu. Akamwachilia.

Baraza Kuu la nchi liliifuta Sheria ya Mipaka mwaka uliofuata, baada ya hotuba ndefu na bila shangwe. Lakini mabadiliko yalianza mapema zaidi, Jumatatu ile iliyofuata kesi, nyumbani kwa Hakimu Mizani. Aliamka akadhamiria kumkumbuka Mungu siku nzima. Kabla hajamaliza kufunga viatu alikuwa amekwisha kumsahau, na alipoletewa uji uliopoa alimkaripia mpishi wake, Mtii, kwa maneno makali aliyoyazoea. Katikati ya karipio akakumbuka. Aliona haya, akatamani kuacha jambo lote hadi kesho. Kisha akamwomba Mtii radhi, na kwa mara ya kwanza akamwuliza habari za nyumbani kwake. Ndipo akajua kwamba mke wa mpishi alikuwa mgonjwa tangu masika, na kwamba uji ulipoa kwa sababu Mtii hupitia kwanza kumnywesha dawa.

Mtii, aliyemtumikia miaka kumi na minane, aliuchukua uji, akarudi jikoni kuupasha moto. Punde Hakimu akamsikia akiimba huko, taratibu, kama mtu anayejaribu njia asiyoijua, wimbo wa kanisani, siku ya Jumatatu. Hakimu hakumkataza. Akajongeza kiti karibu na mlango wa jikoni, akasikiliza.