Masizi ya Dohani

Tangu alfajiri, tanuri la kiwanda likiwa limezimwa, fundi alikuwa ndani ya dohani akizibua matundu ya bomba linalonyunyizia moshi maji ili masizi yasitoke nje. Mchana moto ulipowashwa, maji yalitiririka meusi tii, na moshi ukatoka mweupe. Hakuwa na nguvu hata ya kufurahi. Jioni alijikokota nyumbani, akajibwaga kizingitini.

Dada yake wa nyumba ya pili, aliyemnunia wiki nzima kwa sababu masizi ya kiwanda yalimchafulia nguo, alimjia na shuka mkononi.

“Kaka, leo nguo zimekauka safi.”

“Vizuri.”

“Vizuri tu? Na mimi nimekuja tuyamalize!”

“Yameisha, dada. Nimechoka hoi.”

Dada alicheka, akainama kumvua viatu. Kabla hajagusa cha pili, kaka alikuwa anakoroma.