Sita Waliomtangulia Nyandwi

Saa tatu asubuhi Inamahoro alifika mbele ya meza ya Clovis, karani anayeandikisha watoto pale Uvira, amempakata binti yake wa siku themanini na tisa. Zikipita tisini, habari ni ya kwenda tribunali, mbele ya hakimu, na tribunali haina mchezo na maskini.

"Jina?"

"Nyandwi."

Clovis akaweka kalamu chini. Mama yake mwenyewe alikuwa Mrundi wa bonde la Ruzizi. Alijua vizuri kwamba Nyandwi ni jina la mtoto wa saba, si la mwingine.

"Mama, kwa kitabu weye hauna hata mutoto mumoja. Bale sita bako wapi?"

"Bako hapa nyuma yangu."

Walikuwepo kweli, wamejipanga kwa kimo, maji yakiwatiririka hadi sakafuni. Miaka mitatu iliyopita mto Mulongwe uliwachukua wote sita pamoja na nyumba. Clovis akawahesabu kwa ncha ya kalamu, kisha akavuta mafaili yake yasilowe.

"Niko nabaona," akasema. "Lakini habakuandikishwa. Mwenye hakuzaliwa kwa kitabu, hata kufa hawezi. Huyu ndiye wa kwanza. Leta jina ingine."

"Na ndugu zake?"

"Mama, minye niko naandika, siko nazaa!"

Watu wa foleni wakacheka kidogo huku wakiinua miguu, maana maji yalikuwa yameshawafikia. Inamahoro akawageukia wale sita. Miili yao haikupatikana kamwe. Jina lile ndilo kaburi pekee alilowapa. Angekataa, huyu aliye hai naye angekosa karatasi. Akalitafuta jina lolote lisilohesabu.

"Andika Félicité."

Clovis akaandika, akagonga muhuri, akamwita mwingine.

Walipofika darajani, njiani kurudi nyumbani, Josée, mkubwa wa wale sita, aliyeishia darasa la tatu, akaomba kuiona karatasi. Mama akamshikia isilowe. Josée akaisoma polepole, akiifuata kwa kidole hewani: Félicité, mtoto wa kwanza wa Inamahoro.

"Mama, minye sasa niko wa ngapi?"

Inamahoro akamwambia ajifunike vizuri, upepo wa ziwa ni mkali leo. Josée hakuuliza tena. Akampokea mtoto, akambeba kwenye mgongo wake uliolowa, namna alivyowabeba wadogo zake wote watano, na mtoto akalala papo hapo.