Tabaka la Nane

Mkasi, ndivyo karakana nzima ilivyomwita kwa wepesi wa mikono na ulimi, aliiona plastiki kwa macho yake mawili. Mama mkwe wake alikuwa amelaza tabaka la saba la ganda la bawa la ndege, kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa gundi, akasahau kubandua ile plastiki nyembamba ya juu. Nyuzi zina nguvu, ndiyo, lakini gundi ndiyo inayozishikanisha, na gundi haishiki plastiki. Huko angani matabaka yangeachana kama kurasa za daftari bovu.

Mkasi akanyamaza. Lo, alinyamaza kwa raha! Miaka sita anaitwa mvivu jikoni na mzembe kazini, na mama huyo ndiye mkuu wa meza. Leo kapatikana. Mkasi akalaza la nane juu yake, akatia saini, wakaendelea hadi la kumi na mbili, ganda likaingia tanurini, gundi igande.

Asubuhi msimamizi akaligonga kwa sarafu. Kng, kng, kng. Halafu du, kama pana uwazi ndani. Akaleta msumeno, akalikata, na plastiki ikachungulia juu ya tabaka la saba. Akaangalia karatasi ya saini.

"Macho yamekwisha, mama. Vua aproni. Mkasi, meza ni yako."

Watu wakacheka, tena bila kujificha. Mkasi akajitia kusikitika. "Pole mama. Uzee tu huo."

Mama mkwe akavua aproni, akaikunja vizuri. "Msimamizi, hebu soma tena. Anayelaza tabaka hukagua kwanza la chini yake, ndipo atie saini. La nane ni la nani?"

Kicheko kikakatika. Saini ile kila mtu huitia tu, kama anayeitikia salamu.

"La Mkasi," msimamizi akasema.

"Mwanangu, plastiki uliiona, au hukuiona?"

Akisema aliiona, basi alitaka kuua abiria. Akisema hakuiona, ni kipofu kama mwenzake.

"Si... sikuiona, mama."

"Pole, mwanangu. Na ujana wote huo!"

Msimamizi akanyoosha mkono, apewe aproni ya pili.