Ufunguo Aliopewa Mdogo Wake

Kwa miaka mingi hakuna mtu pale nyumbani aliyejiuliza gari la baba liliwakaje kila asubuhi. Liliwaka tu. Lilikuwa gari lililoinuka kiasi, la viti saba, rangi yake kama ya maziwa, na baba, mpima ardhi mstaafu, aliwasifia wageni gari hilo kama mtu anayesifia mtoto aliyefaulu mtihani. Aliyelitunza ni binti yake mkubwa, mwalimu wa biolojia, aliyebaki kumwangalia baba baada ya mama yao kufariki.

Jumamosi alivaa gauni kuukuu, akafungua boneti, akapima oili, akaongeza maji kwenye rejeta, akapiga magoti kukagua matairi. Likianza kulia upande mmoja, alishajua ni bushi zimechoka kabla fundi hajajilaza chini yake. Fundi alimzoea hadi akawa anamwita Injinia. Mgongo wa baba ulipoanza kumsumbua, binti alishona mto mwembamba wa kiti cha mbele na kufungisha kishikio mlangoni, mzee apate pa kujivutia. Mapambo yake yaliishia hapo.

Kisha mdogo wake, mtu wa benki, akahamishiwa kazi karibu, akarudi kuishi nyumbani. Jioni ya kwanza, hata vyombo havijaondolewa mezani, baba akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka kwenye kiganja cha kijana wake.

"Chukua. Sasa gari limepata mwenyewe."

Dada mtu alikuwa amebeba sahani. Akasimama kidogo, akidhani baba ataongeza neno. Baba akaomba maji ya kunywa.

"Haya, hongera," akamwambia mdogo wake. "Ila maji ya rejeta usiyasahau."

"Ondoa shaka, dada. Hili nalitoa ushamba."

Na kweli alilitoa. Gari likainuliwa kwa springi ndefu, likavishwa matairi mapana yenye meno, likapakwa rangi nyeusi isiyong'aa, likawekewa egzosi ya kunguruma. Viti vya nyuma vikang'olewa, spika zikachukua nafasi yao. Mto na kishikio vikaenda na takataka. Mbele likafungwa chuma kinene na safu ya taa kubwa. Majirani wakatoka kutazama, na baba akasimama barazani ametunisha kifua.

"Hizo taa zinaziba upepo wa rejeta," dada akasema. "Injini itachemka."

"Dada, wewe endelea kupasua vyura wako. Haya mambo ya kisasa tuachie sisi."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Binti ndiye aliyempigapiga mgongoni.

Siku ya kliniki ilipofika, baba hakuweza kupanda. Alijaribu, goti likagonga ukingo wa mlango. Wakaleta stuli, ikayumba, mzee akaning'inia shingoni kwa binti yake huku majirani wakijifanya hawaoni. Mdogo mtu akatazama saa.

"Dada, muitie teksi. Nachelewa kazini."

Gari likaondoka kwa mngurumo. Mle ndani ya teksi baba alisugua goti lake, akatabasamu. "Unasikia sauti hiyo? Sasa ni gari la kiume."

Haikupita muda, likachemka barabara kuu, kwenye mlima mrefu. Mdogo mtu alikuwa amefungulia muziki, hakuangalia kipimo cha joto mpaka moshi ulipomfunikia kioo. Likarudi likivutwa kwa kamba. Fundi alilikagua, akasema injini imekufa, haitengenezeki.

"Lilishachoka tangu likiwa kwa dada," mdogo akasema mezani. "Mimi nilirithishwa mzigo."

Dada akamtazama baba. Huyu alikuwepo. Huyu aliona kila Jumamosi.

"Nilijua," baba akasema. "Mwanamke na gari, wapi na wapi?"

"Baba, nani alikuwa akipiga magoti kukagua gari hilo? Nani alikupeleka hospitali miaka yote?"

"Usinipandishie sauti kwa ajili ya bati."

Binti akaenda chumbani, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Hakuna aliyebisha hodi. Sebuleni aliwasikia wakijadili gari gani litafaa zaidi.

Mdogo alipata jingine, jipya, akahama nalo. Lile la zamani lilikatwa likauzwa vipande. Kliniki ikabaki ya dada na teksi. Safari moja dereva akamuuliza mzee kama hakuwahi kumiliki gari.

"Nilikuwa nalo! Kijana wangu alilitengeneza, mtaa mzima ukasimama."

"Na huyu ni binti yako?"

"Huyu ananisindikiza tu."

Binti alikuwa ameshika fimbo ya baba na mfuko wa dawa. Akainama mbele kidogo, akamwonyesha dereva lango la kuingilia, kisha akashuka wa kwanza ili amshike baba mkono.